Blanketi Lililofuliwa

Mama mkwe wangu anakaa kwangu, chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mume wake, baba mkwe wangu, anakaa nyumbani kwao mtaa wa nyuma, peke yake, anajipikia uji unaoungua. Tangu tumzike shemeji, mtoto wao wa kiume, hawajapeana hata salamu. Mama anaamini kwamba mumewe alimuua mtoto wao kwa uzembe. Mtaa mzima unaamini hivyo, na mafundi wote wanaamini hivyo. Mimi naijua kweli na nimeikalia, na siku nyingine naona itanipasua kifua. Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Ningekuwa mpole labda ningelibeba jambo hili bila kusaga meno.

Baba mkwe ni fundi wa kuchomelea mashine nzito: mikono ya ekskaveta, meno ya tingatinga, fremu za malori ya mawe. Jina lake la kuzaliwa mafundi walishalisahau. Walimwita Pasha Kwanza. Ukimletea chuma kilichopasuka, fundi mwingine angerukia mashine, cheche zikaruka, mwenye mali akafurahi. Yeye hapana. Kwanza aliusaka ufa mpaka mwisho wake, hata ule usioonekana. Alipaka dawa nyekundu, akafuta, akapulizia nyeupe, na ufa ukajichora wenyewe. Alitoboa tundu kila ncha ili usiendelee kutambaa, kisha akauchimba wote kwa grainda mpaka chini. Halafu ndipo alipowasha gesi na kupitisha moto polepole huku na huku, akigusa kwa chaki ambayo huyeyuka chuma kikifikia joto lake. Chaki isipoyeyuka, hakuna wa kumshawishi. Siku moja mwenye lori alimsimamia kichwani akilalamika kwamba anacheleweshwa, na mzee akamjibu bila kugeuka, "Pasha kwanza, bwana. Hata wewe ukitolewa kitandani ukamwagiwa maji ya baridi utapiga kelele."

Vijiti vyake vya kuchomelea vilikaa kwenye oveni ndogo ili visinyonye unyevu, na ole wako akukute umeweka mkate wako humo. Nilimfanyia kazi nikiwa kijana wa mtaani tu, nikaoa binti yake, nikaendelea kumfanyia kazi, na sikumbuki siku aliyoruka hatua hata moja. Alikuwa anachosha. Nilimpenda sana.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuulaza mshono. Watu wasiojua kazi hii hudhani ukishachomelea umemaliza. Chuma kigumu cha mashine nzito kikipoa ghafla, pembeni mwa mshono panakuwa rahisi kuvunjika kama kioo, na unyevu uliojificha ndani unakosa pa kutokea. Hakipasuki hapo hapo. Kingepasuka hapo hapo ingekuwa afadhali. Kinatulia tu. Unakigonga kwa nyundo kinaitika vizuri, unampa mwenyewe anaondoka, halafu kesho yake kikishabeba mzigo kinaachia. Kwa hiyo mzee alikuwa na blanketi. Mama mkwe ndiye aliyelishona, kutokana na mablanketi ya sufu ya watoto wao walipokuwa wadogo, yakapangwa moja juu ya jingine, na upande wa ndani likatiwa kitambaa kisichoshika moto. Mshono ukifungwa humo jioni, asubuhi bado una uvuguvugu, umepoa kwa raha zake.

Mama aliiita kazi hiyo kumlaza mtoto. "Mmeshamlaza?" angetuuliza tukirudi nyumbani. Alidhani blanketi ni la kuzuia vumbi lisiingie kwenye mshono. Mzee alikuwa akicheka tu, hakumsahihisha, kwa sababu ilimfurahisha kumsikia akisema hivyo. Hilo namlaumu mpaka leo. Mtu aliyekuwa tayari kumfundisha kazi hata mpita njia, kwa mke wake alinyamaza kwa ajili ya mzaha.

Shemeji, mtoto wao wa kiume wa pekee, alikuwa opereta wa ekskaveta kwenye machimbo ya kokoto nje ya mji. Mtu wa masihara, mwenye kula kwenye sahani ya kila mtu. Akipita na mashine barabara ya nyuma ya nyumba alipiga honi mpaka mama atoke na mwiko mkononi kumtukana, kisha akamrushia busu kutoka kule juu. Siku ile aliileta mashine karakanani ikiwa na ufa kwenye mkono, karibu na kiwiko, ufa mwembamba kama unywele.

"Shem, mgonjwa huyo," akaniambia. "Mtibuni vizuri, nampenda kuliko dada yako."

"Dada yangu ni nani? Dada yako ndiye mke wangu."

"Basi nampenda kuliko mke wako. Usimwambie."

Asubuhi hiyo hiyo mimi na mzee tulitoka kwenda kubadilisha mtungi wa gesi, na shemeji akaenda kulala nyumbani. Huku nyuma mama alituletea chakula. Hakukuta mtu. Alichokuta ni blanketi kwenye kamba yake, jeusi kwa oili na masizi, pembe moja imefumuka. Mzee alikuwa akikohoa siku hizo, na mama aliamini kikohozi kinatokana na uchafu wa ile karakana. Akalichukua, akaenda nalo nyumbani, akalifua kwa sabuni ya unga mpaka likatoa rangi yake, akalianika, akaishona ile pembe. Mchana jua lilijificha. Alipolishika upande wa nje aliliona limekauka, akalirudisha, akalikunja vizuri, akaliweka mahali pake. Sisi tulikuwa upande wa pili wa mashine, grainda inalia, hatukumwona akiingia wala akitoka. Mama mkwe wangu si mtu wa kufua akatangaza. Katika nyumba ile nguo zilikuwa safi tu, kama vile zinajifua.

Haya yote niliyaunganisha baadaye. Siku ile tulichojua ni kazi. Tulichimba ufa, tukapasha mpaka chaki ikayeyuka, mzee akajaza mshono mstari kwa mstari, akigonga kila mstari kwa nyundo ndogo, akisafisha, akipasha tena. Ulikuwa mshono mzuri. Nasema hivi kwa sababu hakuna mwingine atakayesema: ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuona mkono wake ukifanya, kwa kuwa mashine ilikuwa ya mwanawe.

Jioni, giza limeshaingia, akavuta blanketi akiwa na glavu zake nene za ngozi. "Leo limekuwa zito," akasema, "au mimi ndiye nimezeeka." Akalizungushia mshono, akalifunga kwa waya, juu akafunika turubai kama kawaida yake. Shemeji alikuwa amesharudi, amesimama anatafuna kitu.

"Kesho asubuhi usitungoje," mzee akamwambia. "Fungua mwenyewe uende kazini."

"Nimwamshe taratibu?"

"Taratibu."

Asubuhi tulipofika mashine ilikuwa imeshaondoka. Turubai lilikuwa limekunjwa, na blanketi liko juu ya pipa. Nililichukua nilitundike, mikono mitupu, na nikahisi ubaridi. Nikaliminya. Kutoka kati ya zile tabaka za sufu maji yakanichuruzikia vidoleni. Nikalinusa, likanuka sabuni. Nikaitazama ile pembe iliyokuwa imefumuka, imeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo ambayo hata kwenye suruali yangu ipo.

Mzee alikuwa ananitazama. Akaja, akalichukua mikononi mwangu, akalipeleka puani. Sijui nielezeje uso wake. Akaegemea meza ya kazi. Alielewa yote kwa mpigo mmoja: chuma chenye moto kimefungwa kwenye kitu kibichi, kimepozwa mbio usiku kucha huku tumelala tunajua kiko salama.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga. Simu ikalia nyuma yetu, kwenye rafu, pembeni ya oveni ya vijiti. Shemeji alikuwa ameiacha ikichajiwa.

Tulipanda pikipiki yangu. Katika maisha yetu yote ya ukwe, mzee hakuwahi hata kuniegemea; siku ile alinikumbatia kiunoni kwa mikono miwili kama mtoto, na njia nzima nilimsikia mgongoni akirudia, "Asinyanyue mzigo. Asinyanyue mzigo." Nilikwenda kasi ambayo sitaki kuikumbuka. Tulipokata kona ya machimbo tuliona watu wamesimama kimya, wamevua kofia zao.

Jiwe lilikuwa limekwama kwenye meno ya ndoo. Shemeji aliunyanyua mkono wa mashine juu, akashuka na mtaimbo kwenda kulizibua, kitu wanachokifanya maopereta wote kila siku. Mkono ukaachia pale pembeni mwa mshono, ukamwangukia. Mimi nilikwenda nikatazama pale palipokatika, kwa kuwa ndiyo kazi niliyofundishwa. Palikuwa safi, panang'aa, kama sahani iliyovunjika. Mzee hakutazama. Alikaa chini mavumbini karibu na mwanawe, akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea.

Kabla hatujaenda kumwambia mama, alinishika kola ya shati.

"Lile blanketi hukuliona."

"Baba—"

"Hukuliona. Mama yako akijua, nitazika wawili. Unamjua. Hataweza kuamka."

"Na wewe je? Watasema ni wewe."

"Waache waseme."

Siku hiyo hiyo alilichoma kwenye pipa, akilimwagia oili chafu kwa sababu lilikuwa bichi na halikutaka kushika. Nilisimama pale nikimtazama, na nakiri nilimchukia. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa sahihi na kwa kuwa alinifanya niwe shahidi.

Wenye mashine walikuja na mkaguzi, mtu mzima aliyekuwa akimpa mzee kazi tangu zamani. Akamuuliza walichochomelea, kwa kijiti gani, kwa namna gani. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema chuma kilikuwa kimechoka, vyuma huchoka, nani angebisha? Lakini mzee alitaka swali life kabisa, asibaki mtu wa kupekua. Akachagua kosa moja ambalo kila fundi anajua kwamba peke yake latosha kupasua mshono.

"Sikupasha," akasema.

Mkaguzi akamtazama. "Wewe? Wewe, Pasha Kwanza?"

"Nilikuwa na haraka. Nikasema chuma hakitajua."

Mkaguzi alinigeukia mimi, nikainamisha kichwa, na kuinamisha kule kukawa jibu. Habari ilienea kwa mafundi siku hiyo hiyo. Waliomheshimu walikasirika zaidi ya wengine, na hilo nalielewa. Wale ambao miaka yote aliwaudhi kwa kuwakosoa walipata la kusema. Walipita mbele ya karakana wakiita, "Pasha kwanza, mzee!" halafu wakacheka. Nilimkamata mmoja wao nikamtia ngumi ya mdomo, na mzee akaja kumwinua, akamfuta damu, akamwomba radhi kwa niaba yangu. Baada ya hapo alifunga geti. Mashine ya kuchomelea imo humo ndani mpaka leo inashika kutu, na oveni ya vijiti imekuwa nyumba ya panya.

Mama alizisikia habari hizo nyumba ikiwa bado imejaa watu wa msiba. Alimuuliza mbele yangu, sauti ya chini kabisa.

"Ulikuwa unaharakia nini?"

"Sijui," mzee akajibu.

"Mtoto wangu amekufa na hujui ulikuwa unaharakia nini."

Alifungasha, akaja kwetu. Mke wangu hajui lolote. Alilia siku nzima, akampangia mama yake kitanda, na tangu hapo humpelekea baba yake chakula akakiweka mlangoni bila kubisha hodi. Mama hali vizuri, hasemi sana. Huku kwetu hafui. Nguo zake mwenyewe anafuliwa na binti yake, na mimi nikiona ndoo na sabuni uani moyo unanienda mbio bila sababu.

Kila nikipata nafasi huenda kwa mzee. Amekonda, mashati yanamning'inia. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Baba, umejizika mzima. Na mimi umenizika. Kwa nini tusimwambie taratibu? Mama ni mtu mzima."

"Alimfulia shati lake la mwisho," akasema. "Alimfulia nepi. Wewe ukamwambie kwamba kufua ndiko kulikomuua?"

Nikainuka niondoke.

"Atakuja kukuuliza," akaendelea. "Sasa hivi ana hasira, hasira inamsaidia kusimama. Ikipungua ataanza kufikiri, na akifikiri ataona kwamba haiwezekani. Ananijua yule. Hapo atakuja kwako."

"Nikimwambia kweli?"

"Utamwambia, halafu utakaa naye nyumba moja umtazame."

Nilitoka bila kuaga. Nilikuwa nimechoka na busara zake.

Ilitokea juzi, adhuhuri, mke wangu akiwa sokoni. Mama aliniita kutoka chumbani kwake, "Mkwe," nikasimama mlangoni kama ilivyo heshima, siingii. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kutokea. Miguuni pake kulikuwa na begi lake, limefungwa.

"Karibu zaidi," akasema. "Nataka nikuone usoni."

Nikaingia hatua moja.

"Nimekaa na mtu yule tangu sina mvi hata moja," akasema. "Hata maji ya kunawa uso anayapasha kwanza. Mwanangu alipozaliwa, alipasha viganja vyake kwenye jiko ndipo akampokea, nesi akamcheka. Nimelala nikifikiri, nimeamka nikifikiri. Mtu huyo, mkono wa mashine ya mwanawe, asiupashe? Nimekataa. Moyo wangu umekataa."

Nilitazama sakafu.

"Wewe ulikuwepo. Sikuulizi mengine. Niambie tu alipasha, nami naondoka sasa hivi narudi kwangu, nikampigie magoti mume wangu. Ananidanganya kwa sababu anazozijua mwenyewe, nami nitamsubiri mpaka aseme. Sina haraka."

Nilikuwa na jibu la neno moja mdomoni, na lilikuwa la kweli. Alipasha. Alipasha mpaka chaki ikayeyuka. Akilini nilimwona akichukua begi lake, akivuka uwanja, akigonga mlango wa mtaa wa nyuma, na yule mzee akifungua. Halafu nikaona kitakachofuata. Kama alipasha, basi ni nini? Angemuuliza mumewe, na siku moja mzee angechoka kukwepa. Au angemuuliza fundi yeyote barabarani ni kitu gani kinapasua mshono uliopashwa vizuri, na fundi huyo, bila ubaya wowote, angemjibu: ni kupoa vibaya, mama, kwani aliufunikia nini? Isingepita wiki angekuwa anajua.

"Hakupasha, Mama," nikasema.

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Hukumwambia kitu?"

"Ni baba yangu mkwe."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona hakimfai. Sikumwona akilia. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Badala yake aliinama, akafungua begi, akaanza kutoa nguo zake moja moja na kuzirudisha kwenye rafu. Chini kabisa kulikuwa na fulana ya kiume, mpya, bado iko kwenye karatasi yake. Akaishika kidogo, kisha akaninyooshea.

"Vaa wewe," akasema. "Na usimwambie kwamba nilikuwa narudi."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia sitasema.